Koo Langu la Plastiki

Mara ya kwanza kuliona koo langu, lilikuwa mkononi mwa mtu mwingine. Lilikuwa la plastiki nyeupe, wazi ndani kama bua la jani la mpapai, limepinda kidogo katikati, na limebandikwa kikaratasi chenye namba badala ya jina langu. Pembeni yake palikuwa na jingine. Daktari alisema la kwanza ni koo langu kabla ya upasuaji na la pili ni baada ya upasuaji, na kwamba mashine imeyachapa yote mawili kutokana na picha nilizopigwa. Alisema kwa furaha. Furaha ile sijaisamehe mpaka leo.

Nilizaliwa na taya la chini lililotangulia mbele. Meno ya mbele hayakukutana, na hindi la kuchoma nililipukuchua kwa vidole kwanza ndipo nile. Nilipoanza kufundisha shule ya msingi hapa Tabora, wanafunzi wakanibatiza Koleo. Nililisikia jina hilo nyuma ya mgongo wangu nikiandika ubaoni, nikajifanya kiziwi. Mama yangu, mkulima wa tumbaku kule Urambo, alisema sura ni ya Mungu na anayekwenda kuipasua anamkosoa aliyeiumba. Nilimwona mshamba. Nilitaka kutafuna vizuri, ndiyo, lakini nisidanganye, nilitaka zaidi kuwa mzuri.

Bingwa wa mataya niliyeelekezwa kwake Dar es Salaam alikuwa Mzaramo. Sisi Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu babu zetu walipokuwa wakishuka pwani na mizigo mabegani. Mtani wako anaweza kukutukana msibani na wewe ukacheka, na atakayenuna ndiye mwenye aibu. Aliposikia natoka Tabora alisimama kitini.

“Mpagazi! Mzigo umeuacha wapi?”

“Nimeubeba mwenyewe, mtani. Nyie mkibebeshwa mnautua njiani mkacheze ngoma.”

Woga wote niliosafiri nao ukanitoka. Akanichorea kwenye karatasi jinsi atakavyolikata taya na kulisogeza nyuma. Kisha akasema, “Ila mtani, taya likirudi nyuma, ulimi nao unarudi nyuma, na njia ya hewa inabana. Utakoroma wewe, mpaka abiria wa stesheni ya Igalula wachukue mizigo wakidhani treni imefika! Mumeo atahamia kwa mama yake.”

Nesi akacheka. Mimi nikacheka mpaka machozi yakanitoka, nikamjibu kwamba Mzaramo atajuaje kukoroma naye hata usiku halali nyumbani kwake. Nikaweka saini kwenye fomu ya upasuaji. Ikaletwa fomu ya pili, ya kuruhusu picha zangu zitumike kwenye utafiti. Nayo nikaiwekea saini, kicheko hakijaniisha.

Sura ilitoka nzuri, lazima nikiri. Miezi michache niliishi mbele ya kioo, na jina la Koleo likafa lenyewe shuleni. Halafu mume wangu akaanza kulalamika. Asubuhi moja, nyumbani kwetu Gongoni, wifi yangu akiwa mgeni wetu, aliweka simu katikati ya vikombe vya chai. “Mama watoto, hebu msikilize simba wako.” Alikuwa amenirekodi usingizini. Wakacheka wote wawili. Mimi sikusikia mkoromo, nilisikia kile kimya kilichokuwa katikati. Mkoromo, kisha kimya, kimya kirefu, halafu mtu anavuta pumzi kama aliyeibuka kutoka majini. Niliuliza kama na wao wamesikia. Wifi akaniambia nisikuze mambo.

Usingizi nilioukosa ukaanza kunidai mchana. Nilisinzia nikisahihisha madaftari, na siku moja nilisinzia nimesimama, chaki mkononi, mbele ya darasa la saba. Darasa lile nilikuwa nimelifundisha hisabati tangu wakiwa la nne. Maneno yakaenea kwamba mwalimu amepata sura mpya na sasa anakunywa. Mwalimu mkuu akampa mwenzangu darasa langu, na mimi akanikabidhi stoo ya vitabu. Niliapa mbele yake kwamba sijawahi kuonja pombe. Akasema kiapo hakijazi faili, nilete barua ya daktari.

Ndipo nikarudi Dar, nikakuta makoo yangu mezani na wanafunzi wa udaktari wameyazunguka. Mtani alifurahi kuniona. “Huyu hapa mwenyewe!” Akavuta maji kwa bomba la sindano, akayamimina kwenye koo la kwanza, lililozibwa chini, yakaingia yote. Akavuta maji kiasi kilekile, akamimina kwenye la pili. Yalifurika na kumwagika mezani. Wanafunzi wakaandika. Mimi nilitazama maji yale yakisogea kuelekea ukingo wa meza, na nikahisi hasira ambayo sikuwa nimeijua maishani mwangu.

“Kumbe mlijua litabana,” nikasema.

“Si nilikuambia, mtani? Na nesi alikuwepo.”

“Uliniambia kwa utani.”

“Ulitaka nikuambie kwa kilio?”

Wanafunzi wakacheka, wakanigeukia kungoja jibu, maana utani hauachwi bila jibu. “Leo mimi si mtani wako,” nikamwambia. “Ni mgonjwa wako.” Nesi akaniangalia kama mtu aliyevunja sahani ya mgeni. Daktari aliweka bomba chini, na kuanzia hapo akaniita mwalimu. Aliniambia nilale ubavu, kuna mashine ya kusukuma hewa ila ni ya kusubiri, na utafiti ukiisha nitaitwa. Kisha akaandika barua, akaifunga ndani ya bahasha na kuipiga muhuri.

Niliifikisha ikiwa imefungwa vilevile. Mwalimu mkuu akaifungua na kuisoma kwa sauti, polepole. Njia ya hewa ya mgonjwa imepungua baada ya upasuaji. Kusinzia kwake ni ugonjwa, si ulevi wala uvivu. Nilishusha pumzi, nikaanza kupanga kichwani kipindi cha kwanza nitafundisha nini. Yeye akaendelea kusoma. Mgonjwa alielezwa uwezekano huu kabla ya upasuaji, akauelewa, na akaukubali kwa saini yake.

Aliikunja barua, akaiweka ndani ya faili langu.

“Kumbe ulijua ukajitakia, mwalimu,” akasema. “Ulielezwa kweli?”

Ningemweleza nini? Kwamba nilikuwa nacheka? Nikasema ndiyo, nilielezwa. Darasa la saba likabaki kwa mwenzangu.