Shikamoo za Ignas Mughwai

Ignas Mughwai, fundi seremala wa Iguguno, kwa miaka hamsini alimpa shikamoo mtu aliyekuwa mdogo kwake. Alijua hivyo karibu tangu mwanzo.

Alifika Iguguno mwaka 1975 kutoka Mungaa, akiwa na randa moja, msumeno na nyundo. Wakati huo watu walikuwa wamehamishwa kutoka mashambani na kupangwa kwenye mistari, na kila nyumba mpya ilihitaji mlango. Aliyekuwa akiandika majina ya wanaoomba viwanja alikuwa Naftali. Naftali alikuwa mrefu, ana ndevu, na alivaa koti la marehemu baba yake. Ignas alikuwa mfupi na kidevu chake hakikuwa na hata udevu mmoja. Alilitazama lile koti akasema, "Shikamoo."

"Marahaba," Naftali akaitikia bila kuinua kichwa. "Jina?"

Basi, ikawa hivyo. Iguguno hapakuwa na mtu aliyekua pamoja na Ignas, aliyechunga naye ndama au kutahiriwa naye, ambaye angesema ngoja kwanza. Watu walimsikia anamwamkia Naftali, nao wakampanga hapo hapo alipojipanga mwenyewe. Kwenye vikao Naftali alizungumza kwanza. Naftali akiingia, Ignas alisimama ampe kiti. Kwenye misiba Naftali aliketi na wazee, na Ignas akashika sururu kuchimba kaburi pamoja na vijana. Alichimba hadi alipofika miaka sitini na mbili, mgongo ukakataa.

Haya alinieleza mwenyewe karakanani kwake, mwaka jana. Nilikuwa nimemaliza chuo, nina shahada ya ualimu wa historia na hakuna aliyekuwa ameniajiri, kwa hiyo nilimsaidia kushika mbao.

"Ulijuaje kwamba ni mdogo kwako?" nilimuuliza.

"Nilimtengenezea mama yake mlango, mwaka wa pili nilipofika. Akaniambia mwanawe Naftali aling'oka meno ya mbele wiki ile ya uhuru."

"Na wewe siku ya uhuru?"

"Mimi nilikuwa darasa la nne. Nilipiga ngoma ya shule."

"Sasa babu, kwa nini hukusema?"

Alipuliza unga wa mbao kwenye randa. "Ningeanzaje, Noel? Nimwambie samahani, nirudishie shikamoo zangu?" Akapiga randa mara mbili. "Ila ningependa kuisikia moja. Kabla sijafa. Moja inatosha."

Sikulala vizuri wiki ile. Niliamini, na bado naamini, kwamba nchi isiyothubutu kusahihisha jambo dogo haitasahihisha kubwa. Huyu mzee alikuwa amedhulumiwa nusu karne kwa sababu ya koti. Nikaandaa mdahalo.

Mada niliibandika kwenye ukuta wa ghala la chama cha ushirika: "Ni tukio gani liliigeuza zaidi nchi yetu?" Wazungumzaji walikuwa watatu. Naftali angetetea uhuru wa mwaka 1961. Mimi ningetetea Azimio la Arusha, nilikuwa na kurasa kumi na moja. Ignas angetetea kuhamishwa vijijini. Chini ya mada niliandika sheria moja: kila mzungumzaji aanze kwa kusema siku ya uhuru alikuwa wapi na akiwa na umri gani. Ignas hakuuliza sheria hiyo ni ya nini. Alidhani ndivyo tunavyofanya chuoni.

Mwenyekiti wa mdahalo alikuwa Johari, mfanyabiashara wa alizeti kutoka Singida mjini. Tulimchagua kwa kuwa si ndugu wa mtu yeyote Iguguno na sauti yake inafika barabara kuu bila kipaza sauti. Watu walikaa juu ya magunia. Walikuja wengi kuliko nilivyotarajia, kwa kuwa siku hiyo mashine ya kukamua mafuta ilikuwa imeharibika.

Naftali alisimama, akavua kofia.

"Nafuata sheria. Siku ya uhuru nilikuwa hapa hapa kwetu, Iramba ya wakati huo, sijaanza shule. Meno ya mbele yalikuwa yameng'oka. Mama alinitania, akasema bendera mpya imeshapanda, bado meno yako." Watu wakacheka vizuri. Kisha akazungumza dakika kumi na sikupata pa kumpinga. Alisema kabla ya siku ile baba yake alivua kofia mbele ya karani yeyote, na baada ya siku ile alivua mbele ya watu aliowachagua.

"Dakika zimeisha, mzee," alisema Johari. "Fundi Ignas."

Ignas alisimama. Alinitazama kama anavyotazama msumari uliopinda.

"Mimi nitaanzia mwaka sabini na nne," alisema. "Kabla ya hapo mtu alikuwa na mlango mmoja maisha yake yote..."

"Sheria, baba," Johari akamkatiza. "Siku ya uhuru ulikuwa wapi?"

"Mungaa."

"Ukiwa na umri gani?"

"Mdogo."

"Mdogo kiasi gani?"

"Mdogo wa kawaida."

Kutoka kwenye magunia ya nyuma ikasikika sauti ya mkewe, Dorika. "Mdogo gani wewe? Si ulikuwa darasa la nne? Si ulipiga ngoma mpaka ngozi ikapasuka, mwalimu akakuchapa siku ya uhuru? Miaka arobaini na tano unanisimulia hiyo ngoma!"

Ninajua jinsi darasa linavyoinama likipewa hesabu, na ndivyo ghala zima lilivyoinama. Mtu mmoja alikuwa anahesabu kwa vidole. Mwingine akamnong'oneza jirani yake, "Darasa la nne, na huyu hana meno?"

"Subirini," alisema Dorika, ambaye alikuwa amefika mwisho wa hesabu. "Ina maana mume wangu anamwamkia kibogoyo?"

Wakacheka mpaka gunia moja likaporomoka. Naftali hakucheka. Alikuwa amesimama na kofia mkononi, midomo inahesabu. Alipomaliza alihesabu tena. Kisha akapita katikati ya watu, mtu wa miaka karibu sabini, mwenyekiti wa baraza la wazee la kijiji, akasimama mbele ya Ignas na kuinamisha kichwa.

"Shikamoo, kaka Ignas."

Niliikaza ngumi ndani ya mfuko. Haki ilikuwa imefika Iguguno, na mimi ndiye niliyeifungulia mlango.

"Shikamoo, mzee," alijibu Ignas.

Hakukusudia. Ilitoka yenyewe. Aliziba mdomo kwa mkono lakini ilikuwa imeshatoka.

"Mdahalo umeahirishwa," alisema Johari.

Kurasa zangu za Azimio la Arusha bado ninazo.

Kwa wiki tatu zilizofuata Naftali alijitahidi. Ni mtu mwadilifu, hilo lazima niliandike. Alimngoja Ignas njiani kwenda kisimani, akamngoja kwenye duka la misumari, akamngoja nje ya kanisa. Kila mara alifungua mdomo, na kila mara Ignas alikuwa ameshasema, "Shikamoo, mzee." Siku moja Naftali alijificha nyuma ya mti wa mpapai ili awahi. Ignas aliona kofia.

"Unanidhalilisha sasa," Naftali alimwambia. "Zamani nilipokea nisichokijua. Leo kijiji kizima kinaniona napokea kisicho changu."

"Nisamehe, mzee."

"Usiniite mzee!"

"Sawa, mzee."

Karakanani tulifanya mazoezi. Nilivaa koti, nikasimama mlangoni, nikasema shikamoo kwa sauti nzito. Ignas aliitikia marahaba bila shida. "Lakini wewe si yeye," alisema, na akarudi kwenye kazi akiwa mnyonge kuliko kabla ya mdahalo. Zamani alikuwa na kitu anachokitamani. Sasa kililetwa kila asubuhi na yeye anakirudisha. Nilianza kujiuliza kama nilikuwa nimemsaidia. Dorika hakujiuliza. Aliniambia nimemharibia mume.

Jumatano moja mchana upepo wa Singida ulikuwa unavuma na vumbi. Ignas alikuwa anapaka vanishi mlango wa mteja, kwa hiyo tulifunga karakana vumbi lisiingie. Mimi niliushika ule mlango wa mteja usianguke. Dorika alikuwa ameleta uji. Bati la paa lilikuwa linagonga, sauti za nje hazitofautiki.

Mtu akabisha. "Hodi! Shikamoo!"

"Marahaba," Ignas akaitikia, macho kwenye brashi. "Sukuma, hauna kitasa."

Mlango ukafunguka. Alikuwa Naftali, vumbi hadi kwenye nyusi. Hakuingia. Alisimama pale akimtazama Ignas, na Ignas naye akamtazama, vanishi ikidondoka kwenye kiatu chake.

"Umeitikia," alisema Naftali.

"Nilidhani ni mtoto wa Esta, jirani. Huja kuchukua unga wa mbao."

"Lakini umeitikia."

"Hiyo haihesabiki," alisema Dorika. "Hakujua ni nani."

Nilikubaliana na Dorika, nikasema hivyo. Nilisema haki lazima itolewe kwa kujua. Naftali alivua kofia, akaipigapiga kwenye goti vumbi litoke, kisha akazungumza kwa sauti yake ya barazani.

"Mwaka sabini na tano," alisema, "mimi nilikuwa naandika majina. Sikuinua kichwa. Nilisikia shikamoo nikaitikia, sikujua ni nani. Ile imehesabika miaka hamsini."

Dorika akaufunika uji vumbi lisiingie.

Ignas aliweka brashi juu ya kopo. Alikuwa anatabasamu kidogo, upande mmoja, kama anavyofanya bawaba ikikaa mahali pake bila kupigwa. "Moja inatosha," alisema.

Halafu, kwa mazoea, akakivuta kiti ampe Naftali. Naftali akakataa, akasema kiti ni cha mkubwa. Ignas akasema mgeni hasimami. Naftali akasema yeye si mgeni, amekuja kuagiza mlango. Kiti kilikuwa kimoja tu. Walisimama wote wawili huku wakikisukumiana, na Dorika akabaki amesimama na uji wake.

Mimi nilikuwa mdogo kuliko wote, kwa hiyo sikuweza kukaa.