Fizi za Maman

Maman aliongoza kwaya ya parokia yetu, Kadutu, tangu kabla sijazaliwa. Aliimba kwa kinywa wazi, kichwa juu, na waumini wa viti vya nyuma walimsikia bila mikro. Asubuhi moja niliona damu kwenye mkate wake.

"Maman, unatoka damu."

"Ni mswaki tu. Acha nikunywe chai."

Baadaye kinywa chake kikaanza kunuka, akawa anajiziba kwa kiganja akisalimia watu. Muuza dawa wa karibu na soko alimuuzia kapsuli za antibiotiki. Alizifungua na kupaka unga wake kwenye fizi kwa kidole, jinsi majirani walivyomwelekeza. Damu ilipungua, akamshukuru Mungu. Ikarudi. Akanunua tena. Ikawa hivyo msimu mzima wa mvua, mpaka siku alipouma hindi la kuchoma, jino la mbele likayumba.

Hapo ndipo alipokubali twende kwa daktari wa meno, mwanamke mpole wa rika langu. Alimchunguza muda mrefu kabla ya kusema.

"Maman, ile unga haifikake kwenye ugonjwa iko. Tartre, ule uchafu mugumu wa meno, imejificha chini ya nyama ya meno, na microbe njo inalala pale. Lazima tukwangule kwanza, kisha dawa isaidie."

"Na meno yangu?"

"Ile meno ine ya mbele, mufupa yenye ilikuwa inaishika imekwisha. Tutaitosha. Ingine tutajaribu kuokoa."

Maman alitazama dirishani.

Alikwanguliwa. Akameza vidonge vilivyomwachia ladha ya chuma ulimini, akasukutua kwa dawa iliyoyatia meno yaliyobaki rangi ya kahawia. Meno manne yaling'olewa, akawekewa ya bandia.

Siku ya kwanza aliporudi mazoezini, kila neno lenye "s" lilitoka na mluzi. Hakuna aliyecheka. Wasoprano waliinamisha macho, na nadhani hilo ndilo lililomuumiza zaidi. Alifunga kitabu cha nyimbo, akamwomba mwimbaji wa tenor aendelee, akatoka.

Tuliporudi kwa daktari, alimulika kinywa chake akafurahi.

"Félicitations, maman! Nyama ya meno imepona muzuri kabisa."

Maman aliitikia kwa kichwa, midomo imefungwa.

Sasa Jumapili anakaa karibu na mlango. Hata jikoni, akitwanga majani ya muhogo ya sombe, haimbi.