Mungu Aliyefungwa Nguzoni

Juzi nilipita mtaa ule wa katikati ya mji wa Arusha, nikakuta nyumba tuliyokuwa tukikaa imekuwa maegesho ya magari. Nikasimama pale ulipokuwa uwanja wa ndani, nikijaribu kukadiria kitanda cha bibi kilikaa wapi, mpaka mlinzi akanifuata. "Dada, umepoteza gari?" Nikamwambia hapana. Ningemwelezaje kwamba hapo alipoegesha pikipiki yake ndipo nilipofungiwa utoto wangu?

Afadhali nikusimulie wewe. Shangazi alinitoa kwenye kahawa na migomba yetu, mlimani juu ya kijiji cha Maji ya Chai, baada ya bibi kupigwa na kiharusi na kuletwa mjini kuwa karibu na hospitali. Asubuhi shangazi alimwangalia mama yake. Nikirudi shule nilishika zamu, naye akaenda kuuza ndizi sokoni. Jumamosi zamu ilikuwa yangu kutwa nzima. Alifunga geti kwa nje kwa kuogopa wezi, nami nikasikia kufuli likigonga chuma na ndala zake zikiishilia barabarani. Nilimgeuza bibi, nikafua mashuka, nikapika mtori wa ndizi. Mlima Meru niliuona ncha tu, juu ya ukuta.

Uwanja huo tulichangia na familia ya Kihindi yenye duka la vipuri upande wa mbele. Mama wa mwenye duka tulimwita Aji, kama walivyomwita wajukuu zake. Kwa lugha yao ni bibi. Alinukia ubani na samli. Hakunywa maji kwenye kikombe chetu, wala hakuruhusu mtu aguse sufuria zake, na hakusogelea pembe yake ya sala kabla ya kuoga. Hatukuona ubaya. Ndiyo dini yao, alisema bibi, na sisi tuna yetu.

Dini yetu ndiyo iliyoniliza mwaka ule. Kwetu Walutheri wa Meru, usipopata kipaimara wewe bado mtoto, hata ukiota mvi. Mafunzo yalikuwa Jumamosi. Mwinjilisti alinitumia salamu: nikikosa tena, jina langu linakatwa, nisubiri mwakani na wadogo zangu. Shangazi alisikiliza huku akipanga ndizi kwenye tenga.

"Kipaimara chako kiko kitandani pale," alisema. "Kigeuze, kisipate vidonda."

Jumamosi iliyofuata, geti likafungwa kama kawaida. Nilikuwa nalia juu ya sufuria chafu Aji alipotoka na ungo wa dengu.

"Wewe nalia nini? Sufuria nasikia?"

Nikamweleza. Hakunipa pole. Akakaa kizingitini, akaanza kuchambua dengu na kusimulia. Zamani, katika nchi ya wazee wake, palikuwa na mke kijana aliyempenda mungu Vithoba, yule anayesimama juu ya tofali akiwa ameshika kiuno. Mama mkwe alimsagisha nafaka tangu alfajiri, akamnyima chakula. Siku moja mahujaji wakapita wakiimba, wanakwenda Pandharpur, kwenye hekalu la Vithoba. Mke yule akatua mtungi, akawafuata. Mumewe akamrudisha kwa kumburura, wakamfunga kwenye nguzo ya nyumba.

"Vithoba nakuja, navaa sura ya yeye," alisema Aji. "Nasema, nifunge mimi. Wewe nenda."

Basi mungu akafungwa nguzoni. Hata walipomfungua, alibaki, akateka maji na kusaga unga, na mama mkwe akaona tofauti moja tu: chakula kilikuwa kitamu kuliko zamani. Nikacheka na makamasi yangu. Lakini kule hekaluni, mke yule alifurahi mpaka akafa. Na mungu je? Amekwama jikoni kwa watu. Ikabidi mke wa Vithoba aje kumfufua binti yule, arudi nyumbani, ili Vithoba aachiwe.

"Afufuliwe arudi kwa mama mkwe?" Nilikasirika kweli.

"Sasa Mungu nasaga unga mpaka lini?"

Wanasema leo mke yule ni mtakatifu, na mama mkwe alitubu. Mimi nilibaki nikiwaza nguzo.

Aji akakung'uta sari yake. "Pita dukani, nenda kanisa. Hapa nakaa mimi."

"Aji, bibi anajichafua."

"Mimi nalea watoto. Najua mavi."

Hivyo nilipita katikati ya vipuri, harufu ya grisi ikinishika puani, nikatoka. Jumamosi baada ya Jumamosi. Bibi alilalamika kwa Kimeru kwamba Mhindi anatia pilipili kwenye mtori, na bakuli lilirudi tupu. Nikirudi, Aji alikwenda kujimwagia maji baridi ya Meru, akitetemeka, ndipo aende kwa mungu wake.

Mpaka siku niliyokuta geti wazi. Shangazi alikuwa amesimama uwanjani, tenga bado kichwani. Mbele yake Aji alikuwa amechuchumaa, sari imechomekwa kiunoni, anafua shuka la bibi.

"Mama, nani amekuambia ufanye hivyo?"

"Zamu yangu," alijibu Aji, bila kuinua macho.

Shangazi akatua tenga polepole. "Shikamoo," alisema, akalichukua shuka mikononi mwake. Kisha akaniuliza, mgongo amenipa, "Umefika amri ya ngapi?"

"Ya nne."

"Isome."

Nikaisoma. Waheshimu baba yako na mama yako. Aliendelea kufua, mabega yakitikisika kuliko shuka moja linavyohitaji.

Nilipata kipaimara. Siku hiyo Aji alikuwa na sikukuu hekaluni kwao, kwa hiyo shangazi alibaki na bibi. Wenzangu walizungukwa na mashada na vigelegele. Benchi la kwetu lilikuwa tupu. Mpiga picha akauliza, "Wako wapi watu wako, binti?" Nikasema wako zamu.

Bibi sasa amelala mlimani kwenye migomba, na shangazi ubavuni pake. Aji alihamishwa na mwanawe ng'ambo, akafia huko. Ukuta wameuangusha. Hakuna tena aliyebaki ndani kwa ajili yangu. Natoka nitakapo, narudi nitakapo, na sijui uhuru huu niufanyie nini.