Kanda Mbili kwa Wimbo wa Baba Mkwe

Mume wangu alirudi kutoka Kampala na sanduku la kijivu ambalo hakumruhusu mtu yeyote kulibeba. Ndani mlikuwa na tepurekoda. Ilikuwa miaka michache kabla ya uhuru, na kwetu Nyakatuntu hapakuwa na umeme. Mashine ile ilitumia betri, na mota yake ilijazwa kwa kuzungusha mkono wa chuma ubavuni, kama gramafoni. Juu kulikuwa na magurudumu mawili. Kanda ilitoka kwenye hili ikajiviringa kwenye lile.

Alitaka kunasa wimbo wa baba yake. Baba mkwe alikuwa mpigaji wa enanga, kinanda cha ubao chenye nyuzi ambacho mpigaji hukipakata, na wimbo uliompa sifa ulikuwa wa shujaa aliyekwenda kugomboa ng'ombe wa baba yake. Lakini mume wangu alikuwa mwalimu, na likizo yake ilikwisha baba mkwe akiwa bado anakohoa. Akanifundisha mashine kwa jioni moja, akaniachia kanda mbili, akapanda lori la kahawa kwenda Bukoba.

"Ni kazi rahisi," alisema.

Hakufikiria jambo moja. Kwetu mkamwana hakumkatiza baba mkwe, wala hakumsemesha uso kwa uso. Ilibidi mama mkwe aketi katikati yetu na kupitisha maneno.

Baba mkwe alipopona, nilizungusha mkono wa mashine, nikabonyeza, akaanza. Aliimba vizuri mno. Alisifu ukoo wa shujaa, akamsifu mama yake, akausifu mkuki. Macho yangu yalikuwa kwenye gurudumu linalopungua. Shujaa hajaaga hata kwao, kanda ikachomoka na kuanza kuchapa hewani.

"Mama, mwambie baba kanda imekwisha," nilinong'ona.

"Anasema kanda imekwisha."

Baba mkwe akazibana nyuzi kwa kiganja. "Imekwishaje? Mtu hajatoka nyumbani."

Nikaweka kanda ya pili, nikaomba aendelee pale alipoachia. Akaanza tena na ukoo.

"Mama, mwombe aendelee na safari."

"Safari ya nani?" baba mkwe alijibu kabla hajaambiwa. "Atajulikanaje ni mtoto wa nani?"

Nikaomba basi afupishe. Akauliza amwache nani, mama au mkuki? Kanda ya pili ikajaa sifa zilezile, na shujaa bado yuko uani.

Kesho yake nilinasa upya juu ya kanda ya kwanza. Safari hii aliharakisha, nadhani kwa kunihurumia. Shujaa alikuwa amefika mtoni mota ilipoanza kulegea. Kwa wasiwasi wa kanda nilikuwa nimesahau kuijaza. Tulipoijaza mota na kuisikiliza kanda kwa mwendo wake kamili, sauti ya baba mkwe ilianza vizuri, kisha ikapanda, ikapanda, mpaka ikawa kama ya kifaranga aliyekanyagwa.

Mama mkwe alicheka mpaka akafunika uso kwa khanga. Baba mkwe hakucheka.

"Mwambie huyo si mimi," alisema. Akatundika enanga ukutani, akaenda kutazama ng'ombe wake. Nilibaki barazani nikitamani kuitupa ile mashine migombani.

Mume wangu aliporudi alisikiliza zote, akanuna. "Ungemwambia asubiri kidogo."

"Mwambie wewe. Ni baba yako."

Alijaribu. "Tata," alimwita baba yake kwa heshima, "nikiinua mkono, simama." Akainua mkono, lakini baba mkwe alikuwa amefumba macho. Aliimba mpaka ng'ombe wote wakarudi, kanda imekwisha zamani, na mume wangu bado ameinua mkono. Hata hivyo, wageni walipokuja, aliwaambia, "Mke wangu alichelewa kubadilisha kanda." Niliwatengea chakula, sahani nikazitua kwa kishindo.

Betri zilipokwisha, aliipeleka mashine mpakani Murongo. Alirudi amepanda baiskeli aliyobadilishana nayo, uso umejaa furaha.

"Na kanda?" niliuliza.

"Zimekwenda nayo. Zingetufaa nini bila mashine?"

Sauti ya baba yake, pamoja na kasoro zake zote, ilikuwa imevuka mpaka na mtu tusiyemjua. Niliizunguka ile baiskeli. Haikuwa na kiti cha nyuma.

"Na mimi nitakaa wapi?"

Akageuka, akaitazama kana kwamba ndiyo kwanza anaiona.