Turubai Juu ya Msingi wa Aikaeli

Mvua ilikuwa imeshalifunika eneo lote la Machame siku Tabitha alipofunga kibanda chake cha kushonea nguo pale Pasua na kuwaambia binti zake kwamba likizo hii hawakai mjini.

"Tunakwenda kupiga kambi," alisema. "Kama wale Wazungu wa mlimani."

Violet, aliyekuwa darasa la pili, alirukaruka mpaka kandambili ikamvuka. Gladys, wa kidato cha pili, ambaye hakuwa mwepesi wa kuamini kitu, aliuliza, "Kambi wapi?"

"Kwa baba yenu."

Kwa baba yao palikuwa kihamba, shamba la urithi la ukoo, penye msingi wa nyumba ambao haukupata kuta, migomba, mibuni michache iliyozeeka, na kaburi la Aikaeli mwenyewe, chini kidogo, karibu na mfongo, ule mfereji wa maji uliochimbwa na mababu. Hayo Tabitha aliwaambia. Asiyowaambia ni maneno ya shemeji yake, Anaeli, kaka mkubwa wa marehemu. Aliyasema siku ya Pasaka nje ya kanisa, ameshika mwavuli, bila kumkaribisha chini yake.

"Mama Gladys, pale kwa Aikaeli hapajawaka moto tangu msiba. Masika haya nachimba mashimo, napanda maparachichi. Ndugu yangu hakuacha mtoto wa kukaa kihambani. Hao wawili ni wa kwenda kwa watu."

Siku ile Tabitha aliondoka akitembea mvuani. Alikuwa mzaliwa wa Kibosho, na tangu aolewe Machame kila neno lake lilijibiwa kwa Ukibosho wake: akisema kwa sauti, ni Mkibosho, akinyamaza, ni Mkibosho anapanga jambo. Safari hii alikuwa anapanga kweli. Moto ungewaka pale kihambani masika yote, na kila apitaye njiani angeuona moshi.

Walipanda na turubai la bluu, godoro, sufuria na gunia la mkaa. Pikipiki zilishindwa na utelezi, wakamalizia kwa miguu, godoro likiwa kichwani kwa Gladys kama mwavuli wa mfalme.

Kitu cha kwanza Tabitha alichokiona ni kile ambacho hakikuwepo. Mstari wa masale uliotenga sehemu ya Aikaeli na ya Anaeli ulikuwa umetoweka. Isale ni mmea wa majani marefu ambao Wachagga huupanda kuwa mpaka. Na mtu akimkosea mwenzake, hulibeba mkononi kwenda kuomba radhi, na aliyeletewa hakatai. Masale yale aliyapanda baba mkwe wake kwa mkono wake, siku alipowagawia wanawe. Sasa udongo ulikuwa umelimwa ukasawazishwa, na mashimo ya maparachichi yalishuka yamejipanga mpaka kaburini. Moja lilichimbwa miguuni kabisa kwa marehemu, limejaa maji ya mvua.

Anaeli alitokea migombani na buti zake za mpira.

"Karibuni," alisema, kwa sauti ya mtu anayefukuza kuku.

"Shikamoo, baba mkubwa," wasichana walimwamkia pamoja.

"Marahaba. Mmekuja kuona kaburi?"

"Tumekuja likizo," alisema Tabitha.

"Likizo! Na mvua hii? Mkibosho bwana! Wenzake wanashuka mjini wakakauke, yeye anapanda kuja kulowa."

"Masale yako wapi, shemeji?"

"Masale gani?"

"Ya mpaka."

"Ah. Mchwa wamekula."

"Mchwa hawali isale."

"Wa Kibosho labda hawali," alisema Anaeli. "Wa huku wanakula."

Akacheka peke yake, akarudi migombani.

Walifunga turubai juu ya msingi, Tabitha akawasha moto. Kuni mbichi zilitoa moshi mzito uliotambaa chini chini na kuingia moja kwa moja uani kwa Anaeli. Hakuupunguza.

Na wasichana wakafurahi. Hilo ndilo jambo ambalo Tabitha hakulitegemea. Alikuwa amewaleta vitani na kuwaambia ni matembezi, nao wakayafanya matembezi kweli. Waliteleza mteremkoni wameketi juu ya magome ya migomba, wakifika chini wamekuwa tope tupu, macho tu yanawaka. Walioga mvuani wakipiga mayowe. Walichoma ndizi kwenye majivu, wakazila zinaunguza, wakipuliza vidole. Asubuhi moja mawingu yalifunguka kidogo kama pazia la mtu anayechungulia, Kibo ikaonekana nyeupe mpaka mabegani, karibu mno, na Violet akainong'oneza, "Shikamoo." Tabitha aliangua kicheko. Kisha akamwona Anaeli amesimama kwenye mashimo yake na miche ya maparachichi kwenye toroli, kicheko kikamkauka mdomoni.

"Ukipanda hapo, nitang'oa," alimwambia.

"Nangoja tu mvua ipungue. Ninyi si mtaondoka shule zikifungua?"

Siku chache baadaye maji yalikuja. Tabitha alikuwa anakoroga mtori aliposikia wasichana wanapiga kelele, akageuka, akaona mkondo mwekundu unaingia chini ya turubai na kulibeba godoro ukingoni. Alipanda mbio kando ya mfongo. Anaeli alikuwa juu, jembe mkononi, ukingo umebomolewa wazi.

"Nasafisha mfongo," alisema.

"Wakati wa masika? Nani anasafisha mfongo mvua ikinyesha?"

"Mwenye mfongo."

"Umetufungulia maji, Anaeli! Kuna watoto pale!"

"Maji yanafuata mteremko. Mimi niyashike kwa mkono?"

Angemrukia. Lakini kutoka chini zilipanda sauti za wasichana, na hazikuwa za kilio. Walikuwa wameziba mkondo kwa vipande vya mgomba, limefanyika bwawa, na Violet amesimama katikati yake, maji magotini, anasukuma ua la mgomba likielea kama mtumbwi. Alimwona Anaeli kule juu, akapunga mkono.

"Baba mkubwa! Asante kwa bwawa!"

Anaeli alitupa jembe chini, akaondoka. Ilikuwa mara ya kwanza Tabitha kumwona ameumia.

Mahali pa kupikia palilowa pote, ikabidi wajenge kibanda cha jiko palipoinuka. Wasichana waliteremka korongoni kutafuta fito. Walirudi wamekumbatia mizigo.

"Mama, ziko nyingi kule, zimetupwa tu," alisema Gladys. "Ila hizi fito zinaota majani."

Tabitha alichukua moja. Mizizi yake ilikuwa bado imeshika udongo, na shinani palikuwa na kovu refu la jembe. Juu, kwenye kichwa kilichovunjika, chipukizi mbichi lilikuwa limechomoza, limekunjika kama ngumi ya mtoto mchanga. Mvua ile ile iliyowalowesha ilikuwa imeyalea masale kule korongoni, yakiwa yametupwa kama takataka.

"Haya si fito," alisema. "Ni mpaka wa baba yako. Baba yako mkubwa aliung'oa."

Gladys alitazama mashimo, akatazama kaburi, akatazama ua wa Anaeli. Tabitha aliona uso wa mtoto wake unabadilika, akatamani kuyarudisha maneno yake, lakini yalikuwa yameshatoka.

"Kwa hiyo hii si likizo," alisema Gladys.

"Ni vyote viwili. Jenga jiko."

Jumapili, baada ya ibada, watu walijikusanya nje kwa mnada wa sadaka. Anaeli alikuwa mbele, anapandisha dau la mkungu wa ndizi. Tabitha alingoja mpaka dalali akavuta pumzi.

"Shemeji!" aliita, sauti ikapita juu ya miavuli yote. "Mchwa wa huku kumbe wana jembe?"

"Unasema nini wewe?"

"Masale ya baba mkwe nimeyakuta korongoni. Mchwa waliyala, wakayatapika yakiwa na makovu ya jembe."

Watu walicheka, kisha wakaacha kucheka. Mzee Ebenezeri, mkubwa wa ukoo, alimtazama Anaeli muda mrefu, akaondoka bila kungoja mnada uishe.

Siku ya pili yake wakaja: Mzee Ebenezeri akiwa na fimbo, majirani kadhaa nyuma yake, na Anaeli ameshika isale mkononi. Mvua ilikuwa inanyesha nyembamba, ile ya baridi.

"Nisamehe, shemeji," alisema Anaeli. Macho aliyainamisha vizuri, lakini pembe ya mdomo haikuinama. "Niliteleza. Tuishi kindugu, na shamba liwe la ndugu."

Tabitha akaelewa. Isale likishapokelewa, jambo hufungwa na halisemwi tena. Masale yangebaki korongoni na mashimo yangebaki mashimo. Na akilikataa, angekuwa Mkibosho aliyekataa isale, na ukoo mzima ungewapa mgongo, yeye na mabinti zake, mpaka kufa.

"Pokea, mae, mama yangu," alisema Mzee Ebenezeri kwa upole. "Ukipokea, yamekwisha."

Aliliangalia isale. Anaeli alikuwa amelikata kwa haraka nyuma ya nyumba yake, kichwa kizima na shina lake, urefu wa mkono.

Akalipokea kwa mikono miwili. "Nimepokea. Nimesamehe."

Kisha akapanda mpaka juu kabisa, mahali mstari wa zamani ulipoanzia, akapiga goti topeni, akalisukuma shina ardhini. Udongo uliolowa ulilimeza bila kupinga.

"Unafanya nini?" aliuliza Anaeli.

"Napanda msamaha wako. Ulitaka niutupe?" Akamgeukia mzee. "Babu, isale la radhi linang'olewa?"

Mzee Ebenezeri alikohoa. Akamtazama Anaeli, akautazama mmea.

"Haling'olewi," alisema.

"Gladys! Lete yaliyobaki."

Wasichana walilivunja jiko lao la nguzo za masale. Wakachomoa nguzo moja moja wakizikimbiza kwa mama yao, naye akazipanda akishuka, shimo la parachichi kwa shimo la parachichi. Hakuna jirani aliyesaidia, na hakuna aliyeondoka.

"Rudi kidogo," alisema Mzee Ebenezeri, akionyesha kwa fimbo. "Hapo mpaka ulikuwa unapinda kuja kwako."

Tabitha alirudi kidogo.

"Mvua itakatika," alisema Anaeli taratibu, ili asikie yeye tu. "Mtashuka mjini."

"Tutapanda tena."

"Mama," aliita Violet kutoka juu, amesimama penye majivu yaliyoanza kulowa, "sasa tutapikia wapi?"

Tabitha alikuwa anamtazama Gladys. Gladys alikuwa ameshika isale la mwisho. Alilipanda miguuni kwa baba yake, akaukanyaga udongo kwa kisigino, tena na tena, zaidi ya ilivyohitajika. Anaeli alipita karibu naye akielekea kwake, akapunguza mwendo, kama mtu mzima anayengoja kuamkiwa.

Gladys alimtazama usoni, kisigino kikiendelea kukanyaga, mpaka akapita.