Asubuhi Shangazi Zélie Alipouona Mto

Shangazi yangu Zélie alifua nguo za watu kwenye Mto Seine kwa miaka thelathini na mmoja, na kwake mto ulikuwa baridi tu. Ulimpasua vidole, ukampinda mgongo. Nami nilifua kando yake.

Vuli moja alikuja mchoraji kutoka Paris, Bwana Courtois, akawa anasimama ukingoni kila alfajiri na rangi zake.

"Huyo hana mke wa kumwambia alale," shangazi alinong'ona, na wafuaji wote tukacheka.

Siku moja upepo ukaipeperusha picha yake mtoni. Shangazi akajitosa mpaka kiunoni, akaidaka. Rangi za mafuta haziogopi maji, haikuharibika. Akaisogeza karibu na pua.

"Bwana, hii ni picha au umemwaga uji?"

Courtois akacheka, akaiegemeza kwenye mti. "Rudi nyuma, mama. Rudi tena. Bado."

Alirudi nyuma huku sketi inachuruzika maji. Hatua ya kumi na kitu, akasimama ghafla. Yale madonge ya rangi yalikuwa yamegeuka mto wetu: ukungu unanyanyuka, miti mirefu inaelea bila mizizi, jua likitetemeka majini vipande vipande. Pembeni, doa la buluu lililoinama.

"Huyu nani?"

"Wewe."

Alikaza kitambaa kichwani, kama afanyavyo akiingia kanisani. Kisha ubishi ukampanda. "Lakini hapa umedanganya. Ukungu ni mweupe, si wa waridi."

"Utazame."

Akageuka kuutazama ili amsute. Nami nikageuka. Ulikuwa wa waridi, na chini yake zambarau, na maji yalikuwa yanawaka kimya kimya. Shangazi alinishika mkono kwa nguvu.

"Clémence," aliniambia, "miaka yote hii nilikuwa wapi?"

Baridi ilipokaza, Courtois alirudi mjini na picha yake. Shangazi akawa anatua kapu na kusimama tu, jua likichomoza. Mke wa mwanasheria mmoja, mteja wetu, akamfokea kwa kuchelewesha mashuka yake.

"Nilikuwa natazama mto, bibie."

"Mto? Umelewa?"

"Kidogo," alijibu shangazi.

Mashuka yale akapewa mfuaji mwingine. Kesho yake shangazi aliniamsha mapema zaidi tukautazame mto, maana usiku theluji ilikuwa imeanguka.