Vedeti Mbili za Ng'ambo

Nilipaswa kukataa kutia sahihi karatasi ile. Ilisema kwamba vedeti mbili, boti za mota za doria zilizokaa ng'ambo ya ziwa, zirudishwe upande wa ukuta wa bwawa, na kituo chao kifungwe. Mezani tulikuwa watatu: mkuu wa huduma yetu ya usalama wa ziwa, fundi wa mota, na mimi, karani. Mkuu aliihitaji sahihi yangu kuliko zote kwa sababu mimi ni mzaliwa wa ng'ambo. Nikisaini mimi, nani wa kule angelalamika?

Mto Lualaba ulipozibwa kwa ajili ya umeme wa migodi, maji yalipanda yakatutenga na Kolwezi. Soko, hospitali na shule ya sekondari niliyosomea vilibaki upande mmoja, sisi na mihogo yetu upande mwingine. Watu huvuka kwa mitumbwi. Wakati wa kiangazi upepo huamka mchana, na kazi ya vedeti ilikuwa kuokota waliozidiwa na mawimbi, na kuuzuia mtumbwi uliojazwa mno usiondoke.

Kila mwisho wa mwezi mabaharia wa vedeti waliniletea habari niandike ripoti. Karibu kila mara niliandika: hakuna la kuripoti. Haikuwa kweli. Mtu akitolewa majini mzima, familia yake iliwapikia mabaharia bukari, ugali wa kwetu, na kuku, maneno yakaishia hapo. Kuandika tukio kulimaanisha mabaharia kuitwa ofisini na kueleza kwa nini mtumbwi ule uliachwa uondoke. Waliniomba ninyamaze. Nami nilipenda ripoti safi, nilikuwa nikisifiwa kwa ajili yake.

Siku ya kikao mkuu alizitandaza ripoti hizo mezani, akaniita tata, baba, kwa heshima ya umri wangu.

"Tata, soma weye mwenyewe. Mwaka muzima kule hakuna kitu! Bale batu banakula esanse ya mota bure."

Fundi akacheka. "Banavua samaki, shefu. Haukuona matumbo yabo?"

"Ao ulitudanganya, tata?" mkuu akaniuliza kwa mzaha.

Ningeweza kusema ndiyo. Lakini nilibakiza mwaka mmoja nistaafu, na nyumba niliyokaa mtaa wa Dilala, Kolwezi, ilikuwa ya kazi. "Hapana, shefu," nikasema. Nikasaini polepole, kwa mwandiko wangu mzuri.

Dada yangu mkubwa, niliyemwita yaya, ndiye aliyenilea baada ya mama kufa. Mihogo yake ndiyo iliyonisomesha. Juma lile lile alivuka akaja Dilala, akasimama mlangoni bila kuutua mzigo.

"Vedeti banazipeleka wapi?"

"Yaya, ni bakubwa njo balikata maneno."

"Na weye ulisema nini?"

"Habakuniuliza."

Aliniamini. Alinigawia mihogo, akaenda sokoni.

Kiangazi kilichofuata, binti yake alipanda mtumbwi wa soko uliojaa watu na magunia. Hapakuwa na mtu wa kuuzuia, wala wa kuufuata upepo ulipoanza. Alizama pamoja na wanawake wengine wawili.

Nilikwenda kwenye matanga. Dada alikuwa ameketi kwenye mkeka, akaongea bila kuniangalia.

"Jina yako iko ku karatasi balibandika ku mulango ya kituo. Mwalimu alinisomea ile karatasi. Balikuuliza."

Nikakiri yote mbele ya waombolezaji: sahihi, ripoti, na ule uongo wa Dilala. Mama mmoja akauliza, "Tata, zile vedeti ziliokoa batu bangapi?" Sikuwa nimeandika hata mmoja.

Dada aliishi miaka minne baada ya hapo. Kila Pasaka nilivuka kwenda kwake. Aliniwekea chakula, akatoka nje mpaka nimalize. Mwaka jana aliugua, akawaita ndugu wote wa ukoo, mimi hakuniita. Habari ya kifo chake niliipata baada ya mazishi.

Sahihi ile ilinigharimu mpwa wangu, na dada yangu wa pekee.